Mama-mukwe Alinilisha, Sasa Kitambala Imetoka Ku Macho

(Muntu aliyeleta habari hii anakaa mu kambi moja ya hapa Élisabethville. Jina tunalificha, shida yake tunaitoa vile aliiandika.)

Bandugu basomaji, miye niko muntu wa myaka makumi ine na mbili, kapita, musimamizi wa bantu ya treni, masomo kidogo tu kwa bapadri. Kambi yote inanijua. Nilisukuma wagoni ya makaa peke yangu. Kule Mokambo simba ilisimama mu reli, nikaiangalia tu, ikashusha macho, ikaenda. Leo niko naomba shauri.

Ni macho ile ile iliniangusha. Manyoya ya kope ilijikunja ndani, ikachoma mboni sawa miba. Munganga akapasula kope zote mbili, akashona, akafunga kitambala, akanirudisha nyumbani. Bibi yangu alikuwa mu maternite kuzala mutoto wetu wa kwanza, tulimungoja myaka mingi. Mama yake akatoka Kabongo, sababu kwetu nyanya ndiye anaingiza mutoto mu nyumba.

Lakini kwetu ni kizila: mukwe na mama-mukwe habaangaliane mu uso. Akalala kwa jirani, Mama Kapinga wa Kasai. Mama-mukwe anaacha sahani ku mulango, anakohoa, anakimbia. Siku ya kwanza niliitafuta na mikono, nikaweka goti mu sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bukari, ule ugali wetu, ikaliwa na kuku ya bantu.

Kesho yake muntu akaingia, akakaa, akaniwekea tonge mu kinywa. Nikajua ni Mama Kapinga. Ikawa vile kila mangaribi. Hasemi kitu, na muntu asiyesema, miye ninamusemea. Nikamupa habari ya wagoni, nikamupa ya simba. Siku moja nikasema, "Asante, Mama Kapinga. Ule mama-mukwe wangu ananiogopa, nikikohoa tu anatetemeka. Na bukari yake ni mawe ya reli."

Tonge ikasimama kidogo mu njia. Kisha ikakuya mu kinywa.

Mangaribi moja, niko nakula, anfirmie, musaidizi wa munganga, akafika kutoa kitambala. "Fungula macho pole pole, baba." Nikafungula. Uso wa kwanza niliona ni wa mama-mukwe, na sahani yangu mu mukono. Akaangusha sahani, akajifunika kitenge, akatoka.

Mama Kapinga akakuya kunicheka. "Baba wa simba, miye sikukulisha hata siku moja. Ni yeye. Alisema, muntu asiyeona, kizila hakimukamate." Kisha akaacha kucheka. "Anafunga mizigo. Anasema umemuona, tena umemusema."

Nilimutumia kuku ya kutoa haya, vile mukwe anaomba musamaha. Ikarudishwa, miguu ingali imefungwa. Bibi anatoka maternite na mutoto kesho kutwa. Nani atamupokea ku mulango?

Jana mangaribi nilifunga tena kitambala. Anfirmie alikataza, anasema kope itaoza. Nikakaa ku mulango, nikafungula kinywa sawa kitoto ya ndege. Nikasikia miguu ya mama-mukwe inakuya, ikasimama.

Nikasema, "Mama, bukari yako iko muzuri."

Hakuingia, na hakurudi. Tukakaa vile, miye na kinywa wazi, mpaka baridi ikaniingia mu meno. Kisha miguu ikaenda.

Ninaandika na jicho moja, linatoa machozi; lingine linauma, halifunguke. Nikifunga, macho inaharibika. Nikiacha wazi, mama anaenda, na mutoto anaingia mu nyumba bila nyanya. Kitambala iko hapa ku magoti yangu na jua inashuka. Bandugu, munishauri: nifanye nini?