Nani Atamtafunia Modesti

Modesti alikuwa mwenye bucha, na Sumbawanga nzima hapakuwa na mwanaume aliyependa nyama kumshinda. Asubuhi watu wanakunywa chai, yeye anakunywa mchuzi wa maini. Mbuzi wa mtaani wakisikia kikohozi chake walikuwa wanajifunga kamba wenyewe, kuokoa muda. Sasa Mungu akamwachia uchu wote, akamchukulia meno. Yaliondoka moja moja. La mwisho lilibaki limechomeka kwenye paja la beberu, mteja akalirudisha buchani akitaka apunguziwe bei, maana mfupa ule hakuuagiza.

Wanawe wakamchangia meno ya bandia. Hayakumaliza mwezi. Jumamosi moja kwenye sala ya jumuiya alisimama kumfokea mwenyekiti, meno yakatoka pamoja na tusi, yakatua kizingitini, na mbwa wa mwenye nyumba akaondoka nayo. Majirani wanaapa kwamba mbwa yule alionekana mwaka mzima akitabasamu kuliko kawaida yake.

Kuanzia hapo kazi ya kutafuna alipewa mkewe, Kristiana.

Alimtafunia kweli, kama mama anavyomtafunia mtoto aliyeanza kula. Siku ya nyama, komeo la mlango wa jikoni linafungwa, Kristiana anakaa kwenye kigoda, anatafuna finyango moja baada ya nyingine na kuzitemea kwenye bakuli la bati. Akimaliza anafunika bakuli, anampelekea mzee sebuleni, anapiga magoti na kupiga makofi taratibu kama mama yake alivyomfundisha kule Mwazye. Mgeni akiuliza mbona nyama imelainika namna hiyo, Modesti alijibu kwamba mke wake ana namna yake ya kuiponda. Naye alikwisha kumwonya mkewe: atakayeitoa siri hii nje, atatoka nayo, na virago vyake mkononi.

Kristiana alikuwa na miaka sitini na ushee na kinywa hakina pengo hata moja. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake mbaya. Taya zake zilikuwa zinalia usiku kama bawaba zisizotiwa mafuta. Na nyama yenyewe hakuruhusiwa kuimeza. Modesti alipofunga bucha alirudi nyumbani na vitu viwili, shoka na mzani. Shoka aliliweka nyuma ya mlango. Mzani aliutundika jikoni, akawa anapima nyama kabla haijatafunwa, kisha anapima na bakuli.

"Imepungua, Mama Stumai."

"Ni mchuzi, Baba Stumai. Ukitafuna, mchuzi unatoka."

"Unatoka unakwenda wapi?"

"Unateremka wenyewe. Koo halina mlango."

"Basi uwe unatafuna umeinama."

Akatafuna ameinama, pua inakaribia kuingia kwenye bakuli, na mzani bado ukasema imepungua. Modesti akamtazama kama alivyokuwa akimtazama kijana wa kazi aliyemwibia figo.

"Nakukumbusha tu," alisema. "Hayo meno ni yangu. Ng'ombe wawili na majembe mapya yalikwenda kwa baba yako, na meno yalikuwemo. Tena nililipa bei ya kitu kipya, na wewe ulikuwa mtumba."

Neno hilo alikuwa nalo siku zote, hulitoa kama mtu anavyotoa leso. Maana Kristiana alikuwa ameolewa kwanza kijiji cha Kate, akakaa misimu miwili ya mahindi bila mimba, mwenye mke akamrudisha kwao akisema ni mkavu. Kwa Modesti akazaa watano. Modesti alijihesabia hao watano kama fundi anavyojihesabia redio aliyoifufua. Yule wa Kate hajapata mtoto mpaka leo, lakini hilo Modesti hakulitaja kamwe.

Kilichomtoa mzee kwenye meno ya mkewe si huruma. Ni mzani. Siku moja alipima, akatikisa kichwa, akasema, "Chuma hakina koo. Nenda mjini kanunue blenda. Iwe mpya, kwenye boksi, na nailoni yake. Mwili huu haujawahi kutumia kitu cha mkono wa pili, ukiacha wewe."

Kristiana aliteremka sokoni anakaribia kukimbia. Upepo wa mwezi wa tano ulimvuta kitenge huku na huku, wala hakujali. Blenda moja tu, na kinywa chake kingerudi kuwa chake. Angetafuna muhogo wake, angemeza.

Dukani, binti muuzaji alimshushia mpya kutoka rafu ya juu. Ilikuwa inang'aa, nyekundu, nyepesi kama tenga la vifaranga.

"Inasaga nyama?" Kristiana aliuliza.

"Inasaga parachichi, bibi. Embe, nyanya, karoti ukiikatakata."

"Beberu mzee je?"

Binti akacheka mpaka akashika kaunta. "Bibi, hii ukiipa beberu itatoa moshi. Na hii karatasi ya waranti haimtambui beberu."

Nyuma ya soko, chini ya bati lililoinama, alikuwepo fundi Urbano, kijana mrefu mwenye vidole vyeusi kwa risasi ya kuchomelea waya. Naye alikuwa na blenda, ila hiyo haikung'aa. Ilikuwa na mwili wa chuma, jagi nene, na kwenye kishikio kovu la kuungua, limekaa kama nusu mwezi. Ilitoka kwenye gesti moja iliyofungwa.

"Shikamoo mama. Hii mota nimeisuka upya kwa mkono wangu. Visu vipya, beringi mpya. Wati elfu mbili. Ukiiwasha, taa za mtaa zinainamisha kichwa."

Kristiana hakuwa mtu wa kuamini midomo. Alifungua pindo la kitenge, akatoa kipande cha kongoro la jana, kile chenye mshipa, ambacho hata mbwa hukipa kisogo. Urbano akakitumbukiza na mchuzi kidogo, akabonyeza. Mashine ikanguruma, kuku wa mama lishe wakaruka uzio. Jagi lilipofunguliwa, kongoro lilikuwa uji.

"Na waranti?"

"Waranti ni mimi, mama. Nipo hapa hapa. Ikigoma, njoo unitukane mbele za watu."

Bei zilikuwa sawa, ya dukani na ya Urbano. Kristiana akaenda kukaa ukingoni mwa mtaro, kwani hapo ndipo kichwa kilipomuuma. Achukue mpya, mzee afurahi na boksi lake. Jumapili ya kwanza ya mbuzi itoe moshi, na yeye arudi kwenye kigoda atafune mpaka azikwe, ameinama. Au achukue ya Urbano, kinywa kipumzike. Mzee akijua, hapo sasa. Alimfahamu Modesti. Alikwisha kumwona akimwaga sufuria nzima ya ugali wa ulezi uani, mbele ya wakwe, kwa sababu ya bonge moja.

Alijipapasa taya. Likalia.

Akanunua ya Urbano. Kisha akarudi kwa yule binti wa dukani, akamwomba boksi tupu.

"La nini, bibi?"

"La kutagia kuku."

"Na nailoni?"

"Kuku wangu anaogopa baridi."

Binti akampa vyote viwili. Urbano akaing'arisha mashine kwa thina mpaka ikanuka kiwanda, akaivisha nailoni, akaisukumiza kwenye boksi na kulifunga kwa kamba za mpira, maana lilitaka kupasuka.

Modesti alifungua mwenyewe. Aliinusa. "Kitu kipya kina harufu yake," alisema, akafumba macho kama mtu anayepokea komunyo. Kovu la kwenye kishikio akaliona, akaambiwa ndiyo alama ya kampuni. Jumapili ile alikula mbuzi aliyesagwa mpaka tumbo likasukuma meza. Nyama ikapimwa kabla, ikapimwa baada. Haikupungua hata unyoya.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Chuma ni kiaminifu."

Wiki zikaenda. Kristiana akagundua upya mahindi ya kuchoma. Alikuwa anakaa uani jioni anavunja karanga kwa meno, ka, ka, ka, na Modesti ndani akisikia mlio ule anapandisha sauti ya redio.

Ikafika mwezi wa sita, sikukuu ya mtakatifu somo wake Modesti. Akachinja beberu, akaalika jumuiya nzima, hasa yule mwenyekiti aliyeshuhudia meno yakipaa. Alitaka waone jinsi mtu asiye na meno anavyokula kama mwenye meno. Akaamuru blenda isibaki jikoni, iletwe sebuleni, iwekwe mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Boksi likawekwa kando yake, ili lionekane.

"Mimi si mtu wa mitumba," aliwaambia wageni. "Wengine mnanunua vitu vilivyokwisha kuchoka kwa wenzenu. Nestory, hilo koti ni la marehemu yupi?"

Nestory, mzee mpole aliyewahi kuwa mpishi wa gesti, hakukasirika. Alikuwa ameinamia meza, anaitazama blenda kama mtu aliyekutana na ndugu stendi. Akapitisha kidole kwenye kovu la kishikio.

"Huyu namfahamu," alisema. "Hapa nilimwekea sufuria ya moto mimi mwenyewe. Kumbe upo, mzee mwenzangu."

Watu wakageuza shingo.

"Unamfahamu nani?" Modesti aliuliza.

"Hii mashine. Ilikuwa ya kwetu gesti. Mashine nzuri sana, Modesti, umepata. Ndiyo tuliyomsagia chakula mama mwenye gesti alipopooza. Alikuwa hatafuni, maskini. Tulimsagia kwa hii hii mpaka kijiko cha mwisho. Alifariki bado kina joto."

Alisema kwa nia njema kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwenyekiti wa jumuiya akakohoa kwenye ngumi. Jovina, jirani wa mlango wa pili, alivuta upande wa kanga akajiziba mdomo, mabega yakawa yanacheza. Modesti alishika tumbo lake kwa mikono miwili, kana kwamba marehemu amebisha hodi humo ndani.

Alinyanyuka. Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na shoka la bucha. Mikono ilikuwa haijasahau kazi. Pigo la kwanza jagi likapasuka, la pili mwili wa chuma ukabonyea, la tatu ile mota aliyoisuka Urbano ikamwaga waya zake sakafuni kama utumbo. Mtoto wa mtu akaanza kulia.

"Mtumba kaniletea mtumba," Modesti alisema, anahema. "Fedheha ya mtu mzima hii, kulishwa na chombo cha maiti." Kisha akamnyooshea mkewe shoka. Hasira ilikuwa imempanda mpaka machoni na haikumwachia nafasi ya kukumbuka nani yupo sebuleni. "Leta bakuli. Kaa hapo. Utanitafunia kama siku zote, na utatafuna umeinama."

Neno likawa limetoka. Lilizunguka sebule nzima, likagusa kila sikio, na hakuna mbwa aliyekuja kuliokota.

"Kutafunia?" mwenyekiti aliuliza taratibu.

Kristiana alikwenda jikoni. Alirudi na sinia la mbuzi, nyama ya paja na mbavu, na mkono wa pili bakuli la bati. Akapiga magoti mbele ya mume wake, akapiga makofi taratibu, yale ya heshima. Akaweka bakuli chini, tupu.

Akachukua finyango ya kwanza, akatafuna. Hakuinama. Alitafuna akimtazama Modesti usoni, polepole, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, kama mtu anayeonja chumvi. Modesti akasogea, mdomo wake wenye ufizi mtupu ukawa unafuata, unafunguka na kufumba.

Kristiana akameza.

Wote walisikia. Akachukua ya pili, akatafuna, akameza. Ya tatu. Mafuta yalimteremka kidevuni na hakuyafuta. Jovina aliacha kucheka. Nestory alitazama sakafu. Mama huyu hakuwa amemeza kipande cha beberu tangu meno ya mumewe yaondoke, na sasa alikula paja zima, akafuata mbavu, akavunja gegedu kwa magego, ka, ka, ka, na kila lilipovunjika mzee alipepesa macho kama aliyepigwa kofi. Shoka lilimteleza mkononi, likaanguka, hakuliokota.

"Mama Stumai," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa ziwa. "Nibakizie hata mnofu."

Alitafuna mnofu wa mwisho, akaumeza pia. Akafuta mdomo kwa kitenge. Akamsogezea bakuli la bati.

"Pima, Baba Stumai."

Halafu, kwa kuwa alikuwa bado amepiga magoti na watu wote wanasikia, akaongeza kwa adabu, "Ulisema atakayeitoa siri nje atatoka nayo na virago vyake. Virago vyako nikufungie kwa kitenge au kwa shuka?"

Hapo jumuiya ikashindwa. Walicheka mpaka mwenyekiti akaomba maji.

Modesti hakutoka, angetoka kwenda wapi, na nani angempokea na uchu ule. Baada ya wiki mbili alijitembeza mwenyewe dukani, akanunua blenda mpya, nyekundu, na nailoni yake. Ilimtafunia Jumapili moja, dakika chache, ikatoa moshi. Alipoirudisha, yule binti aliuliza alisaga nini. Akasema nyanya. Binti akachungulia ndani ya jagi, akatoa unyoya wa mbuzi, akamrudishia pamoja na karatasi ya waranti.

Siku hizi anakunywa uji wa ulezi, asubuhi na jioni, amejikunyata na baridi yake. Mzani upo palepale jikoni, Kristiana anautumia kupimia karanga. Na siku ya nyama komeo halifungwi tena. Mlango unaachwa wazi kabisa, ili mzee aliye sebuleni asikose kusikia.