Fundi Sikio na Gari la Mwalimu

Jina la Sikio alipewa na wateja, naye hakulikataa. Kwa miaka thelathini na minane alitengeneza magari ya aina moja tu, yale ya mviringo yenye injini nyuma na buti mbele, na ubovu wake aliutambua kwa kusikiliza. Mtu akimtania kwamba magari yake yamevaa kinyume, hapo ndipo utamjua.

"Kinyume nini? Uzito umekalia magurudumu yanayosukuma, kwenye tope halikwami ovyo. Injini inapozwa na upepo, rejeta haina, maji yatachemkia wapi? Aliyelichora alimfikiria baba mwenye watoto na mfuko mdogo, si nyinyi wapenda makuu!"

Asubuhi moja mwalimu mstaafu alileta lake. Kesho yake angesafiri na wajukuu wanne, aliokuja nao, mwendo wa siku nzima. Sikio aliliwasha, akainama nyuma, akafumba macho kama kawaida yake.

"Limetulia. Safari njema, Mwalimu."

Binti yake, aliyefanya naye kazi miaka sita, akaweka spana chini. "Baba, vali zinagonga kama cherehani. Tuliache lipoe, tuzipime."

Loo, mbele ya mteja! "Unanifundisha kazi?" Sikio alifoka. Ukweli ni kwamba hakusikia kitu. Mwaka wa pili huo masikio yalikuwa yakimtupa mkono, na maneno ya watu aliyasoma midomoni. Hakumwambia mtu. Nani angemletea gari Sikio asiyesikia?

Akawatazama wale watoto wanne waliojazana kiti cha nyuma. Akazima injini.

"Lete kipimo," akasema.

Ilipopoa, alasiri, walifungua kifuniko cha vali. Nati moja ilizunguka kwa vidole; gari lisingefika mbali. Binti akarekebisha na kukaza zote, Mwalimu akashukuru, akaondoka.

Walipobaki wawili, Sikio akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kunigombeza nikiimba."

Mzee akacheka. Sauti ya binti huyu ilikuwa mbovu kupita kiasi, na zamani kila siku alimfokea anyamaze ili yeye asikie injini.

"Kwani bado unaimba?"

"Kila siku, Baba. Hata sasa hivi, nikikaza nati, nilikuwa naimba."

Sikio alikuwa amesimama ubavuni pake muda wote huo. Akakaa juu ya tairi, akalia.