Siku Prisca Alipopiga Pembe

Wifi yangu Prisca hana chama, hana shirika, hana hata kofia ya bure ya kampeni. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo swali analoulizwa kila anapokanyaga: umetumwa na nani? Akishuka ofisi ya wilaya, Same, anaulizwa. Akipita nyumba kwa nyumba huku kwetu Mamba, juu milimani, anaulizwa, tena na watu waliocheza kwenye harusi yake. Jibu lake halibadiliki. "Sijatumwa, mimi ni mwananchi tu." Watu humtazama kwa huruma, kama wanavyomtazama mgonjwa.

Anachotaka hata mtoto anakielewa. Barabara yetu tunaitengeneza wenyewe kwa majembe, kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja tuliyorithi kwa wazee: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Kisha siku ya soko la tangawizi lori kubwa linapanda kwenye udongo uliolowa, na jasho letu lote linageuka matope. Prisca anataka sheria ndogo: wakati wa mvua lori libaki bondeni, tangawizi ishushwe kwa magari madogo. Kaka yangu Benson, mume wake, tulimteremsha kwa machela kwa sababu gari la wagonjwa lilishindwa kupanda. Hakufika. Tangu tulipomzika, Prisca hajanyamaza.

Mimi alikuwa amenichosha mpaka basi. Sufuria ikiwa jikoni, sheria ndogo. Tukipalilia, sheria ndogo. Huko Same walimwambia kwa upole kwamba sheria ya namna hiyo haianzii kwao, inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ukaitishwa, akidi haikutimia. Ukaitishwa tena, waliokuja wakauliza kama kuna posho, wakaondoka. Kijiji chetu kinakusanyika kwa mambo mawili tu, msiba na pembe.

Sasa sikia. Jumapili moja ya masika nilikuwa nachagua maharage ya makande. Sisi Wasabato tunapumzika Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ya soko, na siku ya soko pembe hailii. Ikalia. Roho iliniruka! Tena sauti yenyewe haikuwa ya kawaida, ilitoka kama ya ndama aliyebanwa na mlango. Nilidhani mlima umeporomoka juu ya watu. Nilikamata jembe nikakimbia na kanga moja, na njiani kila mtu alikuwa anakimbia.

Tulipofika kwenye kona ya shule, nilibaki mdomo wazi. Aliyesimama katikati ya barabara na ile pembe ya tandala mdomoni alikuwa Prisca. Mwanamke! Pembe ile hupigwa na mzee Filemoni peke yake, mwenyekiti wa kikundi chetu cha tangawizi, nayo hutundikwa barazani kwake. Mzee mwenyewe alifika akitweta, na povu la sabuni masikioni. Wifi yangu alikuwa amemvizia akiwa bafuni.

"Prisca, nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, mzee. Nimewaita kwenye mkutano."

Watu walinguruma. Nilitamani ardhi inimeze, maana wote waligeuka kunitazama mimi, kana kwamba nilimshikia pembe.

"Utalipa mbuzi," alisema mzee Filemoni. "Na pembe haipigwi bure. Umetutoa majumbani na majembe, tuonyeshe kazi. Hakuna anayerudi kabla jembe halijagusa udongo."

Prisca alitazama huku na huku. Nadhani hakuwa amefikiria mbele ya hapo. "Kazi ni hii barabara," alisema kwa sauti ndogo.

Basi tukaanza kujaza mashimo ya matairi, tukilaani. Mashimo yaleyale tuliyoyajaza msaragambo uliopita, na mnunuzi wa tangawizi alikuwa ameshapiga simu kwamba lori limetoka bondeni. Karibu yangu alikuwa Ruthi, mke wa mzee Filemoni, mama mpole ambaye hata kuku humfukuza kwa adabu. Mkwewe Careen alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote. Nilimwona Ruthi akisimama. Akalitazama shimo alilokuwa analijaza, akasikiliza mlio wa lori kule chini. Kisha akageuza jembe, akaanza kuchimba.

Alikata barabara kuanzia ukingo mmoja kuelekea mwingine. Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini jirani yake naye akaacha kujaza, akachimba. Akafuata mwingine. Mikono yangu mwenyewe, Mungu wangu, nikaikuta inachimba! Tulichimba kwa hasira ya miaka yote, na kabla hatujajua tunafanya nini, handaki lilikuwa limefika kiunoni.

Aliyepiga kelele alikuwa Prisca. "Mnafanya nini nyie? Mimi nimeomba sheria, sikuomba handaki! Careen atapita wapi?"

Majembe yalisimama. Haki ya Mungu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria hilo. Ruthi alikaa juu ya udongo alioutoa, akashika kichwa. Ni mzee Filemoni aliyezinduka. Aliwatuma vijana wakaleta miti ya mikaratusi iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya darasa la shule, tukailaza juu ya handaki, tukaifunga. Bodaboda ikapita. Pikapu ya mwalimu ikapita, miti ikilalamika.

Lori likafika. Dereva alishuka, akaikanyaga miti kwa ncha ya kiatu, akacheka, akarudi ndani ya gari lake. Hakuipanda. Mnunuzi alipiga simu kwa ukali, na baada ya muda akafika mtendaji wa kata kwenye bodaboda, kijana mwenye haraka.

"Nani ameamuru barabara ikatwe?"

Watu waliokuwa wakichimba kama mchwa walitazama vidole vya miguu yao. Nilijua nini kinakuja.

"Pembe nilipiga mimi," Prisca alisema. "Andika jina langu peke yake."

"Umetumwa na nani?"

Safari hii swali lilikuwa na pingu ndani yake. Nilimwona akifungua mdomo kujibu jibu lake lile.

"Tumemtuma sisi," alisema mzee Filemoni.

Niligeuka kama niliyepigwa kofi. Yule yule wa mbuzi! Mtendaji naye alishtuka.

"Shikamoo, mzee. Sisi nani?"

"Marahaba. Sisi kijiji. Hesabu mwenyewe, akidi imetimia kuliko siku yoyote. Wakati wa mvua lori lisipande. Anayekubali anyooshe."

Majembe yakapanda juu, yakidondosha udongo vichwani mwetu. Mtendaji aliondoka na jina la kijiji kizima. Prisca, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno, alikaa kando ya barabara akalia kwa sauti, na sikujua nimfariji au nimgombeze.

Sheria yenyewe bado iko Same, inapita meza hadi meza, na Prisca anaifuata. Yule mbuzi wa faini, Prisca alimlipa. Mzee Filemoni alimkagua mnyama mpaka meno kabla ya kumpokea.

Lakini wiki ile ile Careen alishikwa na uchungu. Walimpakia kwenye pikapu ya mwalimu, Ruthi akamshikilia kwa nyuma. Mimi na Prisca tulisimama kando ya handaki. Gari lilipokanyaga miti, Prisca alinikamata kanga. Miti ililia, ikashikilia. Gari likashuka kona, likapotea, mlio wake ukasikika mpaka mbali.

Wifi yangu aliendelea kuitazama ile miti.

"Agnes," aliniambia, "Benson angepita hapa."