Viatu vya Hayakuhusu

Kipupwe kikiingia Uluguru, ukungu hulala mashambani hadi karibu na adhuhuri, na kokoto za vijia vya juu ya Mlali hukata kama vigae. Mwaka huo zilimkata Hayakuhusu, mbwa wa Mwanvita binti Pazi. Nyayo zikapasuka, akawa anatembea kama anayekanyaga makaa.

Mwanvita alikuwa mjane, na shamba lake la viazi lilipakana na msitu. Nguruwe pori walikuwa humo, na kilichowazuia ni mbwa huyo tu. Mbwa akilala, viazi vimeliwa; viazi vikiliwa, hana chakula wala mbegu.

Akakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vinne, akamfunga miguuni kwa kamba. Felista, jirani wa chini ya kilima, alipita na tenga la kabichi kichwani, akasimama akicheka.

"Shikamoo, bibi. Huyu naye anakwenda harusini?"

"Marahaba. Jina lake unalijua."

"Nalijua. Lakini uwe unamvua jioni, miguu ipate hewa. Ukishindwa niite nimshike mimi. Kwetu mbwa ni mbwa tu."

"Mbwa wangu nitamshika mwenyewe."

Hakumshika. Alivyofundishwa madrasa, mbwa mkavu hana neno. Akiwa amelowa, aliyemgusa hunawa mara saba, moja kwa udongo. Na kipupwe hakina mbwa mkavu. Siku ile ya kumfunga alinawa kwa maji ya kijito hadi vidole vikafa ganzi, akashindwa hata kujifunga kanga ya kuswalia. Tangu hapo alimtupia ugali kwa mbali, akamtazama akichechemea, akajiambia kwamba viatu anavyo. Kumwita Felista aliona haya, kwa jinsi alivyomjibu.

Asubuhi moja mbwa hakuinuka kuufuata ugali. Mwanvita alipomsogelea, harufu ilimpokea kabla hajafika. Ndipo alipokwenda ukingoni mwa shamba akaita.

Felista alikuja mbio, akapiga magoti, akakata kamba ya kwanza. Maji meusi yakamwagika. Mpira ulipotoka, ngozi ya wayo ilitoka nao.

"Bibi, hukumvua hata mara moja?"

 Mwanvita aliketi papo hapo kwenye matope, akaupakata ule mguu kwa mikono mitupu. Hayakuhusu akamlamba kiganja, na yeye hakukiondoa.

"Nikakuletee maji?" Felista aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ya nini?"

Huko juu, ndani ya ukungu, ingawa kulikuwa kumekucha, kitu kilikoroma, kisha udongo ukasikika ukifukuliwa. Mbwa alisimamisha masikio. Akajaribu kuinuka, akaanguka, akajaribu tena. Mwanvita akamkandamiza shingoni, taratibu, hadi akatulia. Wote watatu wakabaki wakisikiliza viazi vikiliwa.