Kipindi cha Pili Kilichompotea Komeo

Asubuhi baada ya timu kufungwa mechi ya mchujo, Komeo alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, akisikiliza watu wakimchambua. Kibanda cha kinyozi kilipakana na chumba chake, na midomo ya wateja wa pale haikuwa na breki. Mmoja alitaka kocha afukuzwe leo hii, kesho mbali. Mwingine akasema kasoro ni viungo, wanarudisha pasi nyuma kama watu waliosahau kitu nyumbani. Wakacheka. Kisha kinyozi akazima mashine yake, na Komeo akajua zamu yake imefika.

"Mimi nawaambia, wakitaka kurekebisha timu waanze na Komeo. Bao la pili jamaa kampita kama anapita uwanja wa wazi. Beki mzoefu vile? Pale kuna namna."

"Unamaanisha kauza mechi?"

"Sijasema mimi. Umesema wewe."

Yote hayo Komeo aliyasikia. Matusi ya mashabiki alishayazoea. Alikuwa beki wa kati wa timu hiyo tangu hajaoa, na jina la Komeo walimpa wao wenyewe kwa sababu hapitiki; siku za juma alichomelea mageti na madirisha kwenye karakana, na hata huko wateja walimwita hivyo hivyo. Kilichomtia hofu ni kwamba hilo bao la pili hakulijua. Alikumbuka kona ya kipindi cha kwanza, mpira ukishuka, yeye akiruka, kipa akipiga kelele "Wangu!" Baada ya hapo alikumbuka yuko kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, jezi imelowa maji, wenzake wanalia. Katikati hapakuwa na kitu. Alijaribu kupavuta kwa nguvu, hata uso wa mshambuliaji mmoja, hata kelele za watu. Hola.

Mkewe aliingia na kikombe cha chai, akamtazama.

"Baba Pacha, hivyo viatu unavivaa au unavilea?"

"Navivaa."

Hakuvivaa. Mama Pacha akaweka kikombe chini, akakaa karibu naye.

"Kichwa bado?"

"Kinagonga kidogo tu. Kitaacha."

"Tangu jana unaniuliza watoto wako wapi. Nakujibu, unaniuliza tena. Wako kwa dada yako. Unajua hilo?"

"Najua, mke wangu. Nilikuwa nakutania."

Hakujua. Alilijua wakati ule ule lilipomtoka mkewe mdomoni. Lakini alichukua kikombe cha chai, akanywa. Angesema nini? Akisema hakumbuki, kocha atatafuta beki mwingine. Na wale wa kwa kinyozi watasema ameuza mechi, sasa anajifanya mgonjwa.

Siku ya pili akaenda kazini, akajikaza kisabuni. Mwanga wa jua ulimchoma macho kama moshi wa kuni. Aliwekewa mabomba ya chuma ya kukata kwa ajili ya geti la zahanati. Akapima, akaweka alama, akawasha mashine ya kukatia.

Halafu akajikuta amesimama. Mashine inaunguruma mikononi mwake, jiwe lake la kukatia chuma linazunguka karibu kabisa na goti, na hajui ameishika kwa ajili ya nini. Aliangalia bomba. Aliangalia mikono yake. Kwa muda ambao hakuweza kuupima, hakujua ile ni karakana gani wala amefikaje pale.

"Komeo!" Mwenye karakana alikuwa ameshafika kwenye soketi na kuchomoa waya. "Unataka kujikata mguu? Nakuita tangu saa ile!"

"Nimechoka tu, kaka."

"Mtu aliyechoka hulala. Nenda nyumbani."

Alirudi akishikilia kuta za nyumba za watu. Alikuwa ameshakutana na washambuliaji wenye miili kama makabati, asiogope. Sasa aliogopa kuvuka barabara.

Mkutano wa timu uliitwa kesho yake, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya uwanja. Wachezaji walikaa kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti wa klabu mbele, mikono kifuani. Kocha alikuwa na ubao na chaki.

"Tulibakiza mechi moja kupanda daraja, tumeanguka," alisema. "Sitaki lawama. Nataka kila mtu aseme turekebishe nini."

Wakasema. Pumzi inakata mapema. Krosi hazifiki. Mshambuliaji wa kati anasubiri mpira aletewe kama mgeni anayesubiri chai. Kocha akaandika yote. Komeo alikaa nyuma, anaomba wasimfikie.

"Sasa tuangalie," akasema mwenyekiti, na video ikawashwa ukutani.

Komeo akajiona. Jezi ilikuwa yake, na mwendo pia, lakini alimtazama yule mtu kama unavyomtazama mpita njia. Mpira ulipigwa kutoka kulia. Yule mtu aliyevaa jezi yake alisimama ameduwaa kama nguzo ya umeme, mshambuliaji akampita, wavu ukatikisika. Kisha likaja jambo lililomgandisha damu: wenzake walipokuwa wanarudi kuanza mpira, yeye alitembea kwenda kujipanga upande wa wapinzani. Kipa alimkimbilia, akamshika mabega, akamgeuza.

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

"Komeo," mwenyekiti alisema taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Watu mtaani wanasema mengi. Hebu tuambie wewe. Pale ulikuwa unafikiria nini?"

Jibu lilikuwa karibu: nilichelewa, nisameheni. Angelisema, yangekwisha. Lakini akaona tena lile jiwe la mashine likizunguka karibu na goti lake, na hofu ya jiwe lile ikaishinda hofu ya watu hawa.

"Sijui," alisema. "Sikumbuki. Kipindi cha pili chote sikikumbuki. Hata sasa hivi ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona hilo bao."

"Haya, visingizio vimeanza," mtu akanong'ona.

"Nyamaza!" Alikuwa kipa, amesimama. "Goti langu ndilo lililompiga. Kwenye ile kona. Tulipotoka mapumziko akaniuliza tunacheza na nani. Mimi... mimi nilicheka. Nilidhani ananitania."

Kocha alirudisha video hadi kwenye kona. Goti, kichwa, Komeo chini, mchua misuli anammwagia maji. Wakaona kocha mwenyewe akiinama pale mstarini, na Komeo akiinua kidole gumba.

"Nilikuuliza kama uko sawa," kocha alisema. "Ukasema uko sawa."

"Hilo nalo silikumbuki, Kocha."

Kocha aliketi. Chaki ilimkatikia mkononi. Kisha akainuka, akachukua funguo za gari la mwenyekiti mezani bila kuomba ruhusa, akasema, "Twende hospitali. Sasa hivi."

Daktari alimpitisha kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Komeo alilala mle ndani, anataja kimoyomoyo majina ya wanawe, asije akayapoteza. Majibu yalikuja: damu haikuvujia ndani. Ubongo ulitikisika vibaya, utapona ukipewa nafasi. Mama Pacha, aliyekuwa ameitwa, alianza kushukuru, daktari akamwinulia mkono.

"Angegongwa tena kabla hajapona, mama, huenda tungekuwa tunazungumza mengine."

Hapo ndipo Komeo alipoogopa kweli, akiwa tayari ameshapona kifo.

Alikaa nje miezi. Karakana ilimrudisha kidogo kidogo, kwanza kupaka rangi, mashine baadaye sana. Mwenyekiti alitangaza kwamba mchezaji akigongwa kichwa anatoka, hata akiapa yu mzima. Kwa kinyozi wapo walioamini na wapo wasioamini mpaka leo.

Msimu mpya ulipoanza, Komeo alikuwa jukwaani. Daktari alikuwa hajamruhusu kucheza, na yeye, kusema kweli, hakuwa amemsumbua. Mpira ukielekea vichwani mwa watu alishika mkono wa mkewe. Timu ilikuwa inaongoza pale winga wao alipogongana na beki, akaanguka, akainuka akipepesuka, kidole gumba juu. Kocha akamtoa. Uwanja mzima ukazomea. Walipokuja kufungwa mwishoni, zomea zomea ikazidi.

Komeo alishuka hadi chumba cha kubadilishia nguo. Winga alikuwa ameketi, anahangaika kufunga kamba za viatu apate kurudi uwanjani, na mechi imeshakwisha.

"Kaka," winga alimwuliza, macho yamemtoka, "hii kitu inaisha?"

Komeo akapiga magoti, akamvua viatu.

"Mimi bado naogopa," alisema. "Lakini wewe kaa. Usiinuke. Naenda kumwita Kocha, halafu narudi kukaa na wewe."