Muratina ya Kupeleka Karurumo

Asifiwe Mungu aliyenipa siku nyingi kuliko nilizoomba, na leo amenipa tena pumzi, kiti na mkono unaoweza kushika kalamu. Ninamshukuru hata kwa yale ambayo siyahisi. Nilipokuwa kijana katika darasa la katekisimu nilifundishwa kwamba mdomo utangulie kushukuru, moyo utafika kwa wakati wake. Wangu bado uko njiani, nami sijauharakisha.

Nilimzika mke wangu mwaka jana wakati wa mvua, huku Meru, upande wa baridi, ambako nilikuja kufundisha nikiwa kijana nikaoa na kukaa. Sikulia. Waumini walinishika mkono wakasema nina imani kubwa. Niliwaacha waseme hivyo, ingawa mimi nilijua kwamba sikuwa na kitu chochote ndani, si imani kubwa wala huzuni kubwa. Nilikuwa ninaamka, ninaoga, ninasoma Neno, ninakula. Binti yangu aliniwekea githeri ya mahindi na maharagwe, akaniwekea ndizi, akaniwekea chai, na vyote vilikuwa kitu kimoja mdomoni, kama karatasi iliyoloweshwa. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni uzee.

Mwezi wa pili, ndugu yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Gachoka, nyumbani kwetu tulikozaliwa.

"Kijana anapeleka pombe Karurumo Jumamosi," akasema. "Wewe njoo Alhamisi."

"Mbona mapema hivyo?"

"Nina shida."

"Shida gani?"

"Si ya simu."

Pombe aliyoisema ni muratina. Kwetu, mtu akienda kuposa hufika kwa wazazi wa msichana na pombe ya asali, na wazee wa huko huinywa kwanza kabla hawajafungua mdomo kuhusu jambo lingine lolote. Familia nyingi za kanisa siku hizi hupeleka soda na uji. Lakini wako wazee ambao hawasikii habari ya soda, na baba ya msichana huyu wa Karurumo alikuwa mmoja wao. Ndugu yangu ndiye mpishi. Ana mizinga yake mwenyewe, ana vibuyu vya baba yetu, na kwa miaka mingi kila mwenye sherehe katika vijiji vile, akishapata barua ya chifu ya kuruhusu pombe, humpelekea asali ampikie.

Nilifika saa saba mchana. Anayetoka Meru mwezi wa pili na kushuka Gachoka huhisi kama mtu amefungua tanuri usoni pake. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Kuku walilala chini ya ghala, midomo wazi, mabawa yametanuliwa. Kwenye kivuli cha ghala hilo alikaa mwana wa ndugu yangu, yaani bwana harusi mwenyewe, pamoja na marafiki zake wawili kutoka mtaa wa Dallas, Embu mjini. Katikati yao palikuwa na sanduku la barafu limejaa chupa ambazo sijawahi kuziona, zenye picha za matunda na ndege.

"Karibu, baba mdogo! Keti hapa penye upepo."

"Upepo uko wapi?"

"Tunautengeneza," akasema, akaniinulia chupa. "Hii inapikwa na vijana wachache tu pale mjini, si kiwanda kikubwa. Hii ni ya tangawizi. Ile ni ya ukwaju. Na hii nyeusi ina kahawa ya Runyenjes ndani."

"Kahawa kwenye pombe?"

"Inakulevya na kukuamsha palepale," akasema mmoja wa marafiki, nao wakacheka.

"Baba mdogo, ya tangawizi ni kama dawa ya kifua. Kanisa haliwezi kukataa dawa."

"Kanisa linajua harufu ya dawa," nikasema, nao wakacheka zaidi.

Walikunywa kama watu wanaojua wanachokunywa. Mmoja alikuwa anaiweka chupa shavuni kwanza, apate ubaridi wake, halafu ndipo anywe kidogo, anyamaze, na kusema, "Hapo mwishoni, umesikia? Kuna ganda la chungwa." Mwenzake alionja, akabisha, wakabadilishana chupa. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye vioo na kudondoka mavumbini. Niliona kwamba ni furaha safi ya vijana siku ya joto, wala sikuwahukumu. Niliwatazama tu kama mtu anayetazama watu walio ng'ambo ya dirisha. Nilipewa maji nikanywa.

Ndugu yangu alinishika mkono akaniingiza kwenye kibanda cha kupikia, akaurudisha mlango. Mlikuwa na joto kuliko nje, maana vibuyu hukaa karibu na makaa ili pombe iumuke. Vilikuwa vinne, vimefunikwa kwa matambara safi. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na asali, maji, na lile tunda refu la muratina lililokaushwa hadi likabaki nyuzi kama sifongo, ndilo huichachusha.

"Ulimi wangu umekufa," akasema.

"Umekufa vipi?"

"Tangu dawa za hospitali. Pilipili ninaitafuna kama ugali. Hii pombe sijui kama ni tamu, sijui kama ni kali, sijui kama ni maji. Ninaona povu tu."

Nilielewa kwa nini nimeitwa. Baba yetu alitufundisha sote wawili, na ndugu yangu alikuwa na mikono mizuri zaidi, lakini ulimi ulikuwa wangu. Nilipokuwa kijana baba hakuwahi kutoa kibuyu bila mimi kuonja. Kisha nikaokoka, zaidi ya miaka arobaini sasa, nikaweka ahadi mbele ya kanisa kwamba sitaonja tena. Nikawa mzee wa kanisa. Kwetu mzee wa kanisa akinywa, hata tone, huondolewa kwenye Meza ya Bwana mpaka baraza limrudishe.

"Waonyeshe hao vijana," nikasema. "Wana ndimi kali, nimewasikia."

"Hao? Hao watatafuta chungwa ndani." Akaketi juu ya kigoda. "Yule mzee wa Karurumo ashawahi kurudisha pombe ya watu. Akanywa mara moja, akaweka pembe ya kunywea chini, akasema endeni mkapike. Wakarudi nayo barabarani watu wakiona. Mimi nikirudishiwa, posa itangoja, hilo si kitu, watoto watangoja. Lakini nani atanipa asali yake tena?" Alitazama magoti yake. "Mbuzi siwezi kufuata. Shamba siliwezi. Watu wanaingia lango langu kwa sababu ya vibuyu hivi. Bila hivi sijui ataingia nani."

Nilifumba macho. Nikamwambia Mungu ninachotaka kufanya, na kwamba nitakisema kanisani Jumapili. Kisha nikachukua kata, nikachota, nikanywa.

Ilikuwa vuguvugu kidogo. Ilikuwa majimaji. Zaidi ya hapo sikupata kitu. Niliizungusha mdomoni kama nilivyofundishwa, nikaipeleka nyuma ya ulimi, nikasubiri. Hakuna. Ahadi ya miaka arobaini niliivunja kwa kitu ambacho kingeweza kuwa maji ya kisima.

Ndugu yangu alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tulipokuwa watoto. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, naye ananitazama.

"Imeiva," nikasema.

Ndugu yangu alipumua, akacheka, akanipiga begani. Shemeji yangu alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaondoka na sufuria yake.

Nililala vizuri. Hilo ndilo lililonitisha asubuhi. Nilipopiga magoti nilitafuta lile kosa ili nitubu, na nikalijua kama mtu anavyojua habari iliyotangazwa redioni: mtu fulani alivunja ahadi, kisha akamdanganya ndugu yake. Nilijua ni mimi. Sikuhisi chochote. Nikajiambia, ikiwa moyo haunisukumi, basi nitakwenda bila kusukumwa. Nikaenda jikoni walikokuwa wanakunywa chai.

"Jana nilikudanganya," nikasema.

Ndugu yangu alishusha kikombe. "Kuhusu nini?"

"Sikuonja kitu. Tangu nimzike mama watoto sionji kitu. Sijui kama pombe imeiva. Nilisema tu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilingoja anitukane, na alikuwa na haki.

"Hata chai?" akauliza.

"Hata chai."

"Hata nyama?"

"Hata nyama."

"Basi tuko wawili," akasema. "Wazee wawili, ulimi hata mmoja hakuna." Akajaribu kucheka, haikutoka. Aligeuza kikombe chake, akasema kwa sauti ndogo, "Nitamwambia kijana. Tupeleke soda, kama watu wengine."

Shemeji yangu alikuwa anachochea moto akiwa ametugeuzia mgongo. Akasema bila kugeuka:

"Haijaiva."

"Nini?"

"Pombe. Haijaiva, na kibuyu cha nyuma kina maji mengi. Nilitaka kusema jana. Lakini shemeji akasema imeiva, nikajiambia, huyu ni mzee wa kanisa, hawezi kusema uongo, labda ni mimi nimekosea. Nikanyamaza."

"Wewe umejuaje?" ndugu yangu akauliza.

Hapo aligeuka. "Nimeonja."

"Tangu lini unaonja?"

"Tangu lini?" Akaweka mkono kiunoni. "Unafikiri mwaka juzi, ile ya watu wa kule mtoni, iliyokuwa chachu, ilipona yenyewe? Unafikiri asali iliruka kutoka kwenye debe ikaingia? Wewe ukilala mimi ninapitisha kidole."

"Na kanisa? Na akina mama wenzako?"

"Ncha ya kidole si kunywa. Shemeji atatuambia kama ni kunywa."

Nilivuta kigoda nikaketi. Desturi yetu haimruhusu mwanamke kuonja kabla ya wazee, na ndugu yangu ni mtu wa desturi. Nilimwona akipambana na jambo hilo pale pale, kikombe mkononi. Nami nilikuwa napambana na langu: kwamba neno langu moja, kwa sababu ya cheo changu, lilikuwa limemnyamazisha mtu pekee katika boma lile aliyejua ukweli.

"Itaweza kuiva kabla ya kesho?" ndugu yangu akauliza mwishowe.

"Kwa hili joto? Nikiongeza asali sasa hivi, tuvisogeze kwenye makaa, kesho alfajiri iko tayari."

"Basi inuka," akasema. "Tuonyeshe."

Siku nzima ya Ijumaa tulifanya kazi chini ya amri ya shemeji, sisi wazee wawili na bwana harusi. Alisema shika, tukashika, sogeza, tukasogeza. Alionja mbele yetu, kwa kata, si kwa kidole. Jua lilikuwa kali hata mbwa akakataa kutoka chini ya mkokoteni, na mle ndani jasho lilitutiririka hadi kwenye viatu. Kila baada ya muda ndugu yangu aliuliza, "Sasa?" naye akajibu, "Bado." Jumamosi kabla ya jua kuchomoza alisema, "Sasa," na hatukumwuliza mara ya pili.

Huko Karurumo tulikuta viti vimepangwa na turubai limefungwa. Mzee, baba ya msichana, alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Alijaziwa pembe. Alinusa. Alikunywa kidogo, akafumba macho. Ndugu yangu kando yangu alikuwa ameshika goti lake kama linalotaka kukimbia. Mzee akanywa tena, mara hii kwa muda mrefu, mpaka pembe ikaelekea juu. Akafuta mdomo.

"Nani amepika hii?"

Ndugu yangu aliinuka. Nilijua angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha.

"Mama ya huyu kijana," akasema.

Wazee walicheka wakidhani ni mzaha. Hakucheka. Wakamtazama, wakaacha kucheka mmoja baada ya mwingine.

"Mke wako?"

"Mke wangu. Mimi ninabeba maji."

Mzee alitazama ndani ya pembe tupu. "Basi aletewe kiti hapa mbele," akasema. "Na nyinyi mjaze hii."

Shemeji alikuja akaketi, akakataa pembe, akaomba soda, na hapo kicheko kilikuwa cha kweli. Vijana wa Dallas walipewa muratina yao. Yule mpenda chungwa alionja, akaomba tena bila kutaja tunda lolote. Kabla hatujaondoka wanaume wawili walimfuata ndugu yangu, mmoja akisema ana sherehe baada ya mavuno. "Zungumza naye," ndugu yangu akasema, akionyesha kwa kidevu. "Lakini asali lete langoni kwangu." Alisema hivyo akiwa amesimama wima.

Mimi nilikunywa soda, sikuonja kitu. Niliona uso wa ndugu yangu, na nikajua kwamba ni jambo jema, nikamshukuru Mungu kwa mdomo.

Jumapili nilimwambia mchungaji yote mawili, kunywa na kudanganya. Nimeondolewa Mezani kwa sasa. Ninaketi benchi la nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, na sinung'uniki. Baraza litanirudisha litakapoona vema.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akubariki katika nyumba yako. Akupe kinywaji baridi siku ya joto na chakula chenye ladha. Na siku ambazo ladha haipo, akupe karibu nawe mtu atakayeonja na kukuambia kweli, na akupe masikio ya kumsikia. Amina.