Bega la Shemeji

Baba yangu alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, akavua samaki mpaka vita vilipotutoa Uvira. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mtu wa milimani, wa ng'ombe na maziwa, na samaki hagusi. Kwao hata harufu yake ilikuwa aibu. Sasa niambieni, kwa nini kila Jumamosi hao wawili waende kuvua pamoja, na mimi mtoto wa mvuvi nibaki Louisville nikipanga maboksi ghalani?

Jibu nalijua, na ndilo linaloniudhi. Jumamosi ni siku ya ovataimu. Baba alipofika Marekani aliniomba nimpeleke mahali penye maji, nikamwambia asubiri kidogo. Shemeji hakumwambia asubiri. Mwenzake wa kiwandani alikuwa amemwonyesha mto mmoja kwenye milima ya mashariki mwa Kentucky, naye akampakia mzee kwenye gari alfajiri wakaenda zao.

Kwa desturi yetu, mkwe hujiweka mbali na baba wa mke wake. Hakai naye ovyo, hapigi naye porojo. Huyu wetu anakaa na mzee juu ya jiwe moja, wanamega mkate mmoja! Nilimlalamikia dada yangu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bon, sema tu uko na wivu," akaniambia.

Nilikataa, lakini nilikuwa nao, tena ule wa kumkosesha mtu usingizi.

Kila Jumapili kabla ya ibada picha ilikuwa inaingia kwenye kundi la familia. Baba amevaa kofia, ameshika samaki wa rangi ya shaba, mwenye macho mekundu, ambaye Wamarekani wanamwita bass wa mdomo mdogo. Shangazi wa Columbus alituma mioyo. Shangazi wa Buffalo alituma sauti: "Huyu mukwe, Mungu njo alitupatia!" Mimi ninayempeleka mzee kwa daktari wa magoti, hakuna aliyewahi kunitumia hata moyo mmoja.

Basi Jumamosi moja nikakataa ovataimu. Nilinunua fimbo ya kuvulia ndefu kuliko zao, nikapanda gari la shemeji. Baba alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na ndoo, na njia nzima walizungumza juu ya mikondo na mawe kana kwamba nyuma hakuna mtu.

Mto ulikuwa mwembamba, maji yake meupe, unaona mpaka chini. Walipoingia, Baba aliweka mkono wake juu ya bega la shemeji. Hakuomba. Aliuweka tu, kama mtu anavyoshika mlango wa nyumba yake. Magoti yake hayana nguvu tena, na mawe ya pale yanateleza kama sabuni. Shemeji alikuwa anapapasa kila jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga, jinsi alivyojifunza kwao akivusha ndama. Wakaenda hivyo, polepole, mpaka katikati. Niliutazama ule mkono nikasahau samaki. Tangu afike Marekani, Baba hajawahi kunishika bega. Nilichotaka siku ile ni mkono ule, basi.

Nikaamua kumwonyesha kwamba nami ni mtoto wa ziwa. Utotoni nilikuwa nasimama ufukweni nikiangalia wenzake Baba wakizungusha wavu, halafu wakipiga maji kwa miti ili samaki wakimbilie ndani. Nikaokota tawi nene, nikapanda juu kidogo ya mto, nikaanza kupiga maji kwa nguvu zangu zote kuelekea alikosimama Baba. Nilipiga mpaka shati likalowa. Nilikuwa nasubiri shukrani.

"Unafanya nini?" Baba akapaza sauti.

"Ninakuletea samaki, Papa!"

"Kule tulikuwa tunapiga mayi sababu kulikuwa wavu. Huku wavu iko wapi?"

Shemeji hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alisema tu, kwa ule upole wake unaonichosha, "Hakuna shida, shemeji. Tungojee, zitarudia."

Tukangoja muda mrefu. Kisha shemeji akaniachia nafasi yake, ile nzuri, akanionyesha nitupe chambo nyuma ya jiwe kubwa nikiache kizame. Kilikuwa kidude cha mpira chenye umbo la kamba wa majini, mwenye makucha. Nilikitupa kwa hasira, mradi nimalize. Mshipi ukakaza. Samaki akaruka juu, akajitikisa, akazama tena akivuta kama ana deni langu, na Baba akapiga kelele, "Aa! Mutoto yangu! Usimulegezee!"

Sikumlegezea. Nilipomshika mkononi, mnene, anahema, jicho jekundu linanitazama, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwangalia shemeji nione kama ameumia. Alikuwa anapiga makofi. Nilikasirika zaidi.

"Huyu tunakula leo," nikasema.

"Achilia," Baba akasema. "Sisi tunaachiliaka."

Sisi. Nikamwachilia. Alipokwisha kuzama ndipo nikakumbuka kwamba hakuna aliyepiga picha, na shangazi wa Buffalo hatajua kamwe.

Jua lilipopita upande wa pili wa mlima, Baba alitaka kutoka majini. Nilimwendea haraka kabla ya mwingine, nikageuka, nikainama kidogo ili bega liwe karibu.

"Papa, nishike mimi."

Aliitazama miguu yangu, si uso.

"Wewe haujajua mawe, mwanangu. Tutaanguka sisi wote wawili."

Akanyoosha mkono kwa shemeji. Wakaanza kwenda ukingoni, yule anapapasa, huyu anafuata. Niliokota fimbo zote nikaenda nyuma yao, na kila shemeji alipoinua mguu, niliweka wangu palepale alipoutoa.